Ndugu Hangojwi, Ndugu Hutafutwa

Karibu kila ukoo una jina moja ambalo likitajwa, wakubwa hushusha sauti na watoto huambiwa wakacheze nje. Ni jina la mjomba aliyekwenda Tanga kukata mkonge enzi za manamba, akaandika barua mbili tatu, kisha kimya. Ni la shangazi aliyevuka ziwa kutoka Uvira mwaka 1996 akiwa na mtoto mgongoni, na waliovuka naye wakasema waliachana naye ufukweni. Ni la kaka aliyepanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akabadilisha laini ya simu mara ya kwanza, akabadilisha mara ya pili, na mara ya tatu hakumpa mtu namba. Ni la babu mdogo aliyeondoka Unguja mwaka 1964. Inasemekana yuko Maskati, na hiyo "inasemekana" sasa ina umri wa kuitwa bibi.

Tukiulizwa habari za watu hawa tuna jibu moja tulilorithishwa pamoja na mashamba na majina: "Akiwa hai, atarudi." Tunalisema kwa upole, tunaitikia, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya mahindi.

Msomaji wangu, leo nakuomba uliache jibu hilo. Limevaa kanzu ya subira lakini ndani yake mna uvivu, na mara nyingine mna woga. Hebu ligeuze ulitazame upande wa pili. Huyo unayemngoja, akiwa hai, yawezekana naye ameketi kibarazani mahali fulani akiwaambia wanawe, "Wakinikumbuka, watanitafuta." Nyinyi mnamngoja yeye, yeye anawangoja nyinyi, na kila msiba unaopita unaondoka na mtu mmoja aliyewajua wote wawili. Lazima mmoja ainuke. Kwa nini asiwe wewe?

Duara kwenye ramani

Mwaka 1986, huko India, mtoto wa miaka 5 alisinzia kwenye stesheni ya Burhanpur akimsubiri kaka yake. Alipozinduka akaingia kwenye behewa tupu, akalala tena, na treni ikaondoka naye. Alishukia Kolkata, upande wa pili wa nchi kubwa, katika mji ambao lugha yake hakuijua. Jina la mtaa wa kwao alilitamka kwa ulimi wa mtoto, na kila aliyemsikia alitikisa kichwa. Hata jina lake mwenyewe alilikosea: alizaliwa Sheru, akajiita Saroo. Mwishowe alichukuliwa na familia ya Australia, akalelewa Tasmania, akawa Saroo Brierley.

Mtoto huyo alipokuwa mtu mzima, alikuwa na mabaki tu ya kumbukumbu mkononi: tangi la maji karibu na stesheni, daraja la kupita juu ya reli, bonde la mto alikokuwa akicheza, na jina la mji linaloanza kwa herufi B. Alikadiria muda aliokaa ndani ya treni, akakadiria mwendo wa treni za wakati ule, akachora duara kwenye ramani kuizunguka Kolkata. Kisha akakaa usiku baada ya usiku akifuata reli moja moja kwenye picha za setilaiti. Mwaka 2011 aliliona tangi lake la maji. Mwaka 2012 alisimama katika mtaa aliozaliwa, mjini Khandwa, mbele ya mama yake mzazi. Robo karne ilikuwa imepita.

Wengi wanaposimulia habari hii humsifu kijana na kompyuta yake. Mimi namsifu pia yule mama. Watu walimshauri aende akaishi kwingine, akakataa kwenda mbali. Nyumba aliyokuwa akiishi zamani aliiacha, lakini mtaa hakuuacha, ili mwanawe akirudi akutane na mtu wa kumwelekeza. Ungojaji wa namna hiyo naukubali, kwa sababu nao ni kazi: mama alihakikisha kwamba anapatikana.

Basi jiulize mambo mawili. La kwanza, una mabaki gani ya kumbukumbu ambayo mpaka leo unayadharau kwa kuwa ni madogo? La pili, ndugu yako akija leo kwenye nyumba aliyoiacha, atamkuta nani? Kama mlihama, je, jirani anajua mlikohamia? Kama namba ya simu aliyoijua yeye ilikuwa ya baba, na baba alifariki, je, laini ile mliitunza au mliiacha ifungwe? Familia inayotafuta ina namba moja isiyobadilika, na kila mtu wa zamani anayo.

Anza na wazee, intaneti itakungoja

Kosa la vijana wengi ni kuanza na simu. Wanaandika jina kwenye mtandao, wanaletewa watu mia wasiofanana na mjomba, wanakata tamaa jioni ile ile. Intaneti inakujibu vizuri ukiwa na jambo la kuiuliza, na jambo lenyewe liko kichwani mwa bibi.

Mwendee. Usimwendee na daftari wazi kama karani wa sensa. Kaa naye, mchambue maharage au mpukuchue mahindi, halafu umuulize kwa utaratibu. Aliondoka mwezi gani, wakati wa kupanda au wa kuvuna? Aliondoka na nani? Alipewa nauli na nani? Alivaa nini? Alikuwa na kovu gani, pengo gani, kidole gani kilichopinda? Alikuwa na ufundi gani mkononi? Maana mshonaji huendelea kushona popote aendapo, na mvuvi huenda kwenye maji. Alisali wapi? Alikuwa na mchumba? Barua ya mwisho ilitoka wapi, na nani aliisoma? Ukimaliza, nenda kwa mtu ambaye familia humsahau: rika lake. Waliotahiriwa naye, waliocheza naye mpira, aliyekaa naye dawati moja. Kijana anayeondoka nyumbani mara nyingi humdanganya mama yake na kumwambia ukweli rafiki yake.

Andika kila kitu, hata yanayopingana. Shangazi akisema aliondoka mwaka wa njaa na baba mdogo akisema aliondoka mwaka wa mafuriko, andika yote mawili na jina la aliyesema. Rekodi sauti zao. Kama kuna picha moja iliyofifia, ipige picha leo, uitume kwa watu watatu, ili siku panya au mvua vikiifikia isiwe imekwisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wa ukoo ni kumbukumbu za wazee wetu. Wazee hao hawaongezeki.

Majina hubadilika na vijiji huhama

Hapa ndipo watafutaji wengi hukwama bila kujua. Wanatafuta jina ambalo mwenyewe aliliacha miaka 50 iliyopita, katika kijiji ambacho hakipo tena.

Mtu wetu mmoja ana majina mengi. Analo la kuzaliwa, la ubatizo au la Kiislamu, la ukoo, la utani, na lile aliloandikishwa kazini na karani aliyeandika alivyosikia. Nchini Zaire, serikali ya Mobutu iliwataka wananchi mwaka 1972 waache majina ya Kikristo, na Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Kwa hiyo Jean aliyeondoka Kigoma kwenda huko mwaka 1965 huenda hakuna aliyemjua kama Jean mwaka 1975. Tengeneza orodha ya majina yote na namna zote za kuyaandika, yenye r na yenye l, yenye N mwanzoni na isiyo nayo. Tafuta kwa yote.

Mahali nako hivyo hivyo. Mzee akikuambia ndugu yake alikwenda Albertville, anza kuuliza Kalemie. Costermansville ni Bukavu, Elisabethville ni Lubumbashi, Stanleyville ni Kisangani. Astrida ya Rwanda ikawa Butare na leo ni Huye. Usumbura ni Bujumbura, Lourenço Marques ni Maputo, Salisbury ni Harare. Hapa Tanzania, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni ya watu kutoka kwenye maboma yao, na mahame mengi yamebaki na miembe tu ya kuonyesha palikuwa na watu. Ukifika ukakuta pori, usirudi nyumbani ukasema kijiji kimekufa. Uliza walihamishiwa kijiji gani, na ndani ya kijiji hicho uliza watu wa upande ule wanakaa kitongoji gani, kwa maana waliohama pamoja mara nyingi hukaa pamoja. Mikoa pia imegawanywa: aliyesema anaishi Rukwa huenda leo yuko Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, naye hajatoka alipokuwa.

Wafikirie Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walipewa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika nchi ambayo sasa ni Katavi. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa, wakazika. Mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walipata uraia wa Tanzania. Ndugu aliyebaki Rumonge, Burundi, na akaendelea kuuliza kuhusu mkimbizi wa Kirundi atamkosa, kwa sababu mtu huyo kwenye karatasi ni Mtanzania, mwanawe ni mwalimu wa shule ya msingi, na mjukuu anashabikia Simba au Yanga. Lakini aulize Katumba, aulize katika kanisa wanalosali, ataje mlima waliotoka na jina la babu. Atashangaa jinsi njia inavyofupika.

Milango ya kubisha

Mlango wa kwanza ni Msalaba Mwekundu, au Hilali Nyekundu katika nchi zinazotumia jina hilo. Wengi tunawajua kwa damu na mafuriko, wala hatujui kwamba kutafuta ndugu waliopoteana ni mojawapo ya kazi zao kongwe. Walianza mwaka 1870 mjini Basel, Uswisi, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia. Katika Vita Kuu ya Kwanza ofisi yao ya Geneva ilijaza kadi za majina zipatazo milioni 7, zilizopangwa kwa mkono, ili mama aliyeuliza habari za mwanawe apate jibu. Kazi hiyo bado inaendelea katika nchi zetu na katika kambi za wakimbizi, na huduma hii hailipiwi. Unakwenda kwenye tawi lao, unaeleza unayemtafuta, wanaandika. Wana pia barua zao maalumu, zisizofungwa kwenye bahasha, ambazo hubeba habari za kifamilia tu: nani mzima, nani kazaliwa, nani kafariki. Na wanayo heshima moja muhimu: wakimpata ndugu yako, humuuliza yeye kwanza kama anataka upewe anwani yake.

Kwa waliokwenda Ulaya na hawakusikika tena, Msalaba Mwekundu wana ukurasa wa picha kwenye intaneti uitwao Trace the Face. Picha zinazowekwa pale ni za wanaotafuta, siyo za wanaotafutwa. Aliyepotea anapita, anaona uso wa dada yake, anajua ameulizwa.

Mlango wa pili ni parokia. Kama ndugu yako alibatizwa katika Kanisa Katoliki, jina lake limo katika kitabu cha ubatizo cha parokia ile, na sheria ya Kanisa inataka ndoa yake iandikwe pale pale pembeni ya jina, hata kama alifunga ndoa mamia ya kilomita mbali. Parokia alikooa hutakiwa kutuma taarifa parokia alikobatizwa. Wangapi tumewahi kumwomba paroko kwa adabu atufungulie kitabu cha mwaka 1958? Yawezekana pembeni ya jina la mjomba pameandikwa kwa wino uliopauka jina la mke, la mji, na la mwaka. Na kwa Muislamu, msikiti wa mji alikohamia, madrasa ya watoto wake na vitabu vya ndoa vya kadhi ni mahali pa kuuliza. Watu wa tarika wanajuana mji kwa mji kuliko tunavyodhani.

Mlango wa tatu ni uongozi wa mtaa. Tanzania kuna mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kijiji na mabalozi wa zamani wa nyumba kumi ambao hawajasahau mtu. Kenya kuna chifu na naibu wake. Nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa kiongozi wa kwenu, ili usidhaniwe mdai wa madeni. Pita pia kwa watu wa kwenu waliopo mji huo, maana kila mji mkubwa una chama cha kuzikana cha watu wa Kigoma, cha Wanyamwezi, cha watu wa Songea. Anayekwenda kinyume na ndugu zake wote bado huwaza atazikwa na nani.

Mlango wa nne ni redio. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kwa kusudi hilo hasa, watu wasikie majina ya ndugu zao wanaowatafuta, na kipindi kikaitwa Gahuzamiryango, yaani kiunganishi cha familia. Kule Ngara, wakimbizi walipofurika, Radio Kwizera ikazaliwa mwaka 1995. Redio za jamii leo ziko karibu kila mkoa, na zinasikika mahali ambapo bando halifiki: kwenye mwalo wa wavuvi, kwenye machimbo ya dhahabu, kwenye kijiwe cha bodaboda. Andika tangazo fupi. Taja jina lote, jina la utani, kijiji, jina la mama, mwaka wa kuondoka, na namba moja ya simu.

Na kama aliyepotea ni mtoto, usipange milango kwa zamu. Kimbia polisi saa hiyo hiyo, piga 116 ambayo ni namba ya simu ya mtoto Tanzania na Kenya, tangaza misikitini na makanisani, weka picha yake ya karibuni kwenye magrupu yote. Anayekuambia usubiri mpaka kesho, mshukuru na uendelee kukimbia.

Simama hadharani

Tarehe 30 Juni 1983, televisheni ya taifa ya Korea Kusini, KBS, ilianza kipindi cha watu waliopotezana wakati wa vita vya miaka ya 1950 hadi 1953. Miaka 30 ilikuwa imepita. Kipindi kilipangwa kiwe cha dakika 95 na kiishe. Simu hazikukatika. Watu wakafurika nje ya kituo wakiwa na mabango vifuani: naitwa fulani, baba alikuwa fundi, tulipotezana kwenye daraja fulani, dada yangu alikuwa na alama shingoni. Kipindi kile cha dakika 95 kiliendelea mpaka tarehe 14 Novemba, siku 138, kwa jumla ya saa 453 na dakika 45. Zaidi ya watu 100,000 waliomba kushiriki, 53,536 wakasimama mbele ya kamera, na familia 10,189 zikaungana.

Sikufichi inachosema hesabu hiyo: wengi waliosimama hawakumpata mtu. Lakini familia 10,189 zilikuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani. Vita vilikwisha zamani, watoto walikuwa wazee, majina yalichanganyika, nyuso zilibadilika. Wangeweza kusema akiwa hai atarudi. Wakatoka na bango.

Sisi tuna aibu ya bango. Tunaona ni fedheha kusema hadharani kwamba ukoo wetu umepotelewa na mtu, watu wasije wakauliza alikimbia nini. Acha waulize! Mtu mmoja akisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema, "Namtafuta kaka wa baba yangu," nakuhakikishia atafuatwa baadaye na wengine wakisema kwa sauti ya chini, "Na sisi tunaye." Ukisimama, unawapa wengine ruhusa ya kusimama. Na mara nyingine anayemjua ndugu yako yuko humo humo mkutanoni, hakuwahi kuulizwa.

Kinachotuzuia hasa

Tuseme kweli. Si nauli peke yake inayotuzuia.

Kuna shamba. Katika koo nyingi, fungu la aliyepotea linalimwa na mtu, na mtu huyo hana haraka ya kusikia habari njema. Ndiye anayesema "alishakufa huyo" kwa uhakika kuliko wote. Burundi wameyaona haya kwa ukubwa wa taifa: wakimbizi wa mwaka 1972 waliporudi Rumonge na Nyanza-Lac walikuta watu wengine juu ya ardhi yao, na kesi zikajaa. Ukianza kutafuta, mkae kikao kwanza, muandike na mashahidi wasaini fungu la ndugu liko wapi na lipo mikononi mwa nani. Ukoo uliokwisha kusema kweli kuhusu shamba hauogopi hodi.

Kuna aibu, na aibu hii iko upande wa aliyepotea. Vijana wetu wengi hawakupotea njia, walipotea kwa haya. Aliaga akisema atarudi na mabati, mabati hayakupatikana. Aliuza ng'ombe wa baba kwa ajili ya nauli ya Afrika Kusini, safari ikamkatikia Msumbiji. Mwaka wa kwanza alisubiri apate kitu cha kurudi nacho, mwaka wa tano akaona amechelewa, mwaka wa ishirini akawa amelowea. Mtu kama huyo akisikia anatafutwa, wazo lake la kwanza ni kwamba anadaiwa. Kwa hiyo ujumbe wako wa kwanza umwondolee mzigo. Usianze na "kwa nini ulituacha." Andika hivi: "Mimi ni mtoto wa dada yako mkubwa. Mama bado yupo na anakutaja. Hatukudai kitu, na hakuna anayekusema vibaya. Ukitaka kuja, njoo kama ulivyo. Ukitaka tuzungumze tu kwa simu, nayo inatosha." Maneno machache, na yana uwezo wa kumtoa mtu machozi na kumtoa mafichoni.

Kuna na wale waliokimbia kipigo au kudhulumiwa ndani ya nyumba zetu wenyewe. Hao wana haki ya kutopatikana. Ukimpata, akakuambia ni mzima na hataki zaidi, pokea hilo kwa heshima, mwachie namba, na usiitoe siri yake kwa aliyemkimbiza. Vivyo hivyo kwa aliyekimbia vita: usitawanye picha na mahali alipo mitandaoni, tumia Msalaba Mwekundu.

Na kuna matapeli. Ukishatangaza, watapiga: "Ndugu yako yuko hospitali, tuma pesa ya dawa." Dawa yao ni hii: katika tangazo lako bakiza jambo moja bila kulitaja, kovu la goti au jina la mbuzi aliyempenda utotoni. Anayepiga na aseme hilo kwanza. Asiyelijua, asitumiwe hata shilingi.

Na ukikuta kaburi

Woga mkubwa kuliko wote ni huu: nikitafuta nitaambiwa amekufa. Ndiyo, unaweza kuambiwa. Lakini mtu asiyejulikana aliko huwaua wanaobaki kidogo kidogo. Mkewe si mke wala si mjane. Wanawe hawajui kama wamwombee afya au wamwombee pumziko. Matanga hayakuwekwa, khitma haikusomwa, urithi hauna mwisho, na mama anaruka kila mlango ukibishwa usiku. Ukikuta kaburi, umewarudishia watu wote hao haki ya kulia na kumaliza.

Babu zetu wengi walikwenda na King's African Rifles mpaka Burma katika Vita Kuu ya Pili, wakapigana kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944, na wengine hawakurudi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha yake kwenye intaneti, unaandika jina na inakutafutia bila malipo. Ukumbusho wa Rangoon, kwenye makaburi ya Taukkyan, una majina ya watu wapatao 27,000 ambao makaburi yao hayakujulikana, na wamo Waafrika. Kuna wajukuu hapa Afrika Mashariki ambao hawajawahi kuandika jina la babu yao kwenye simu waliyo nayo mfukoni sasa hivi. Kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale walioipa Kariakoo jina lake, hali ni chungu zaidi: wengi hawakuandikwa popote, na mwaka 2021 Tume hiyo iliomba radhi kwa kuwabagua wafu. Hao hakuna anayeweza kuwataja ila koo zao. Kama bibi yako analijua jina la mmoja wao, liandike kabla halijafutika mara ya pili.

Sasa simama

Usiniambie utaanza mwakani ukipata nafasi. Kazi ya wiki hii haihitaji fedha. Leo usiku mpigie simu mtu mzee kuliko wote katika ukoo wenu, umwambie unataka kuja kumsikiliza habari za aliyepotea. Jumamosi nenda, andika, rekodi. Jumapili au Ijumaa ijayo ongea na paroko, katekista au imamu. Juma linalofuata fika ofisi ya Msalaba Mwekundu. Wagawie kazi wengine kwenye grupu la ukoo, lile mnalolitumia kuchangia harusi: mmoja redio, mmoja majina ya miji ya zamani, mmoja picha, na mmoja atunze daftari, ili atakayechoka asiondoke na kila kitu kichwani mwake. Kila mwezi mpeane taarifa, hata kama ni ya kusema tulipobisha hapakuwa na mtu.

Utachoka. Utafika mahali utaambiwa alihama juzi, na juzi yenyewe ni mwaka 1991. Utapigiwa simu ya uongo. Mtu wa nyumbani atakuuliza unatafuta nini kwa maiti. Endelea. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.

Jina lile linaloshushiwa sauti nyumbani kwenu ni la mtu aliyebebwa mgongoni na bibi yako, aliyekula chungu kimoja na baba yako. Ana haki ya kutafutwa. Chukua kalamu, liandike jina lake lote juu ya ukurasa, kisha inua simu umpigie mzee wenu kabla hujalala.